Hadithi Iliyoishia Chimala

Mwanakhamisi binti Mrisho aliingia soko la Mbeya asubuhi na kapu la vitabu kichwani, na adhuhuri akatoka na kapu lile lile likiwa zito zaidi. Si kwamba watu walimkimbia. Wangemkimbia angejua la kusema. Walimfuata, wakamshika mkono, wakamwita kutoka upande wa pili wa soko, na kila mmoja alikuwa na sifa za kummwagia.

"Mama Jaha," alisema Saulo, mkulima wa milimani aliyekuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya viazi mviringo, "hii hadithi ya mbuzi itaniua. Jana nimelala, nikaikumbuka, nikacheka mpaka mke wangu akauliza kama nimelogwa."

"Basi chukua kitabu, mzee Saulo. Shilingi moja tu, na hadithi zimo tisa."

Saulo alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyeuliza swali lisilo na kichwa wala miguu. "Cha nini tena, mama? Si nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Nilikaa mbele kabisa. Na wali nilikula." Akachagua viazi vitatu vinono akavitia kapuni juu ya vitabu, bure, kwa ajili ya furaha aliyopewa. Muuza ndizi akaongeza kichane kimoja. Mzee wa tumbaku akamwombea dua ndefu, yeye na mumewe na watoto wao, lakini mkono wake haukukaribia mfukoni.

Aliyemfungua macho ni Joachim, fundi cherehani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Huyu alikuwa na fedha, alijua kusoma, na siku ya karamu alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mwanakhamisi akamwekea kitabu mezani juu ya suruali aliyokuwa akiishona. Joachim akakisogeza pembeni kwa kidole.

"Mama Jaha, usinikasirikie. Nikionekana nacho hapa, watu watasema nini? Watasema Joachim hakualikwa."

Mwanakhamisi akasimama pale na viazi vyake na ndizi zake. Wiki nzima alidhani watu ni wabahili. Kumbe ni waungwana, na mwenye kosa ni mume wake.

Kosa la Bushiri lilikuwa ukarimu. Yeye alikuwa mpiga chapa, wa pekee kwa Waafrika wa mji ule mwaka hamsini na saba, na mtambo wake aliununua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha virago vyake Chunya dhahabu ilipopungua. Kwa riziki alichapa kadi za arusi, tikiti za dansi na vibandiko vya chupa za dawa ya kikohozi. Kwa roho yake alitaka kuchapa kitabu. Makampuni makubwa ya vitabu yalikuwa mbali, na aliyoyaandikia yalimjibu kwamba yanatafuta maandishi ya kuwafunza watu usafi na kilimo bora, wala hadithi za watu wa sokoni hazina faida kwa msomaji. Bushiri akasema sawa, atazichapa mwenyewe, na faida tutaiona. Akawaita majirani mmoja mmoja wasimulie, akakusanya hadithi tisa, akazifanya kitabu. Vilipokwisha kushonwa, vitabu mia tatu, akafanya alivyoona inampasa mtu mwenye heshima zake. Alialika mtaa mzima, akapika wali wa nazi na mbuzi wawili, akasimama barazani na kitabu mkononi akasoma. Akasoma jioni ya kwanza, akasoma na ya pili, kuanzia jalada mpaka jina la mpiga chapa mgongoni.

"Ungesoma moja tu ukaacha," Mwanakhamisi alimwambia aliporudi kutoka sokoni.

Bushiri aliinua uso kutoka kwenye meza ya herufi. Alikuwa mwembamba, mwenye wino kwenye kucha siku zote, hata siku ya Idi. "Mtu amekuja kwangu. Nimemkalisha, nimemnawisha mikono. Halafu nimpe nusu ya hadithi nimwambie nyingine akanunue? Mama Jaha, huo ni utu gani?"

Hata Mwanakhamisi asingeweza kumfanyia mgeni hivyo. Akaenda kumenya viazi vya Saulo.

*

Selemani alifika siku ya pili yake, bila hodi, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Alikuwa kaka yake Mwanakhamisi, mkubwa wake kwa miaka mingi, mfanyabiashara wa mpunga mwenye makao Chimala. Nyumba hii ya Mbeya aliijenga yeye, na kwa mapenzi ya dada yake alimwachia Bushiri chumba cha mbele aweke mtambo. Mapenzi hayo yalikuwa na mwisho. Tangu mwaka juzi alikuwa akilalamika kwamba mpunga wake unalala kwenye ghala la watu hali yeye ana chumba, na mwanzo wa mwaka huu alitoa kauli mbele ya wazee: kitabu kikitoka na watu wakakitaka, chumba ni cha Bushiri. Kisipotakiwa, mpunga unaingia na mtambo unatoka.

Sasa alisimama katikati ya chumba, tumbo mbele, akautazama mlima wa vitabu uliofika dirishani.

"Hivi ndivyo vinavyotakiwa?" aliuliza.

"Watu wamevipenda sana, kaka," alisema Mwanakhamisi.

"Naona walivyovipenda. Wamewaachia vyote." Akanyoosha mikono ukutani akaanza kupima, dhiraa kwa dhiraa, huku akihesabu magunia kwa sauti. Alipofika kwenye mtambo aliupiga teke dogo, akauliza kama chuma chakavu kinauzwa kwa ratili au kwa kukadiria. Bushiri alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mwanakhamisi aliona shingo yake ikiiva, na hilo lilimuuma kuliko teke lenyewe.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, ana mkungu wa ndizi miguuni. Alikuwa Tusekile, Mnyakyusa aliyeolewa Iyunga, na ile hadithi ya mbuzi ilikuwa yake. Hakujua kusoma. Aliisimulia hapo hapo kwenye kigoda, na Bushiri akaipanga moja kwa moja kwa herufi za madini ya risasi, zilizogeuzwa kama za kwenye kioo, haikupitia karatasi nyingine. Kazi ilikuwa ya kutambaa, maana mtambo ulikuwa wa Kiingereza na herufi zake vile vile. Waingereza hawana haja kubwa na *a*, Waswahili hawawezi kusema hujambo bila hiyo, kwa hiyo Bushiri alikuwa akipanga kurasa mbili, *a* zinakwisha, anazichapa, anazibomoa, ndipo apange mbili nyingine. Tusekile alikuwa akikatizwa kila mara mbuzi alipofika patamu. Mwanakhamisi ndiye aliyekuwa akiokota herufi, na ndivyo alivyojifunza kusoma. Mwanzoni alisoma risasi iliyogeuzwa vizuri kuliko gazeti.

"Bwana mkubwa," alisema Tusekile, "unapima chumba, lakini kitabu yenyewe umesoma?"

"Mimi nasoma mizani, mama."

"Haya. Ndaga." Tusekile akachukua mkungu wake akaondoka, na Selemani hakujua kama ameshukuriwa au ametukanwa.

Kabla ya kwenda kulala kwa rafiki yake, Selemani aliweka siku. Mwezi ukiandama lori lake linakuja na mpunga mpya. Asikute karatasi.

*

Mwanakhamisi hakulia. Alifunga vitabu robo ya mlima kwenye shuka mbili, akamwambia mumewe kwamba anakwenda Iringa kwa shangazi yake Mwanahawa, kwa sababu Iringa hakuna mtu aliyekula wali wao.

Bushiri aliufikiria mpango huo akauona hauna kasoro. "Nikupikie kitu cha njiani?" akauliza, maana ndivyo alivyokuwa.

Basi la Iringa lilikuwa na viti vya mbele vyenye mito, ambavyo havikuwa vya Waafrika kina Mwanakhamisi hata vikiwa vitupu, na huko nyuma mabenchi ya mbao. Aliketi benchi la nyuma na vitabu vyake miguuni. Benchi la mbele yake akaketi Selemani, arudiye Chimala, mgongo umenyooka kama hamjui. Walisalimiana kwa heshima zote, wakaishia hapo. Dereva alikuwa Eliezeri, mtu mnene mwenye koti la jeshi, na asubuhi ya Juni ilikuwa baridi hata moshi ukawatoka watu midomoni.

Pembeni ya Mwanakhamisi alikuwa bibi mmoja wa Kibena, arudiye Makambako kutoka kumtazama mjukuu. Bibi aligusa shuka kwa fimbo. "Nini hii, mwanangu? Sabuni?"

"Vitabu, bibi. Hadithi."

"Hebu nisomee. Macho yangu yamebaki ya kutazama njia tu."

Mwanakhamisi hakuwa na nia yoyote zaidi ya kumtii mtu mzima. Akakitoa kitabu kimoja, akakifungua penye hadithi ya Tusekile, akaanza kwa sauti ya kushinda ngurumo ya injini. Ilikuwa habari ya bibi arusi mmoja wa Rungwe aliyenyeshewa njiani akiwa na mtungi wake. Mvua ilikuwa ya mawe, akakimbilia banda la mbuzi lililokuwa pembeni mwa migomba, akajibanza gizani. Humo gizani mtu akakohoa. Na kikohozi kile alikijua.

"Alikuwa nani?" aliuliza bibi.

"Baba mkwe."

Benchi zima likasema yalaa, kwa maana hata asiye Mnyakyusa alijua mila yao. Mke wa mtu na baba wa mumewe hawaonani wala hawasemeshani. Mzee akitokea njiani, mke huingia vichakani mpaka apite. Sasa hawa wawili wako banda moja lenye mlango mmoja, na nje mto umefurika umelizunguka banda.

Hapo basi likasimama Uyole. Kijana mmoja mwenye baiskeli juu ya paa alitakiwa kushuka. Alishuka mguu mmoja, wa pili akauacha kwenye ngazi.

"Dada, akafanyaje?"

"Bado sijafika."

"Kata kwa kifupi."

"Haikatiki, ndugu yangu. Basi linaondoka."

Utingo alimshushia baiskeli na kupiga bodi kwa kiganja. Kijana akakimbia sambamba na dirisha, akamrushia Mwanakhamisi shilingi, akadaka kitabu hewani. Walimwacha amesimama vumbini, anasoma, baiskeli imeanguka na hana habari nayo.

Mwanakhamisi aliitazama ile shilingi kiganjani. Hakumnyima mtu kitu. Hakumwalika yeyote, hakumnawisha mtu mikono, na si yeye aliyemshusha kijana. Barabara ndiyo iliyokata hadithi, na barabara haina aibu. Akakohoa, akainua kitabu, akaendelea polepole zaidi kuliko alivyoanza.

Bibi arusi alijifunika nguo gubigubi akaelekea ukutani. Mzee naye akaelekea ukuta wa pili. Kati yao alifungwa mbuzi. Maji yakaanza kuingia, ikawa lazima mtu aseme neno, na mila inakataza. Ndipo mzee akasema, "Wewe mbuzi, mwambie aliyeingia asikae upande huo, pana shimo." Bibi arusi akafikiri, akajibu kwa adabu, "Mbuzi, mwambie mzee nimesikia, na yeye asiegemee nguzo, imeoza." Wakaendelea hivyo, mbuzi yuko katikati anageuza kichwa huku na huku, habari za nyumbani zinapita kwake, mpaka za mume kutoleta nyama, mpaka za mama mkwe.

Watu walikuwa wamelaliana mabegani. Mwanamume mmoja wa Igurusi alishuka na vitabu viwili, kimoja chake na kimoja cha ndugu yake ambaye, alisema, ukimwazima kitu hakirudishi. Eliezeri alipunguza mwendo bila sababu yoyote ya barabara, akamwambia utingo awe anampelekea maneno mbele. Hata bwana mmoja aliyekuwa kwenye viti vyenye mito aligeuza sikio.

Selemani hakugeuka. Lakini Mwanakhamisi alimjua kaka yake tangu alipokuwa akibebwa mgongoni kwake. Aliona masikio yake yamesimama, na mabega yakitetemeka penye habari za mama mkwe.

Walipoikaribia Chimala, Mwanakhamisi alifika pale ambapo mbuzi, aliyechoka kutumwa, alitafuna kamba yake. Akaikata. Akatoka mlangoni akaingia majini, akawaacha wale wawili peke yao gizani, hawana wa kumsemesha, na maji yamefika magotini.

Basi likasimama. "Chimala," akasema utingo, kwa sauti ya kinyonge.

Watu wa Chimala walinunua wamesimama, wamekaa, wengine kupitia dirishani. Selemani alikuwa wa mwisho kushuka. Alijikung'uta vumbi kanzuni, akashika mlango.

"Huyo mbuzi," alisema, akitazama pembeni, "alirudi?"

"Kaka, kitabu ni shilingi moja."

Selemani alivuta pumzi ndefu. Kulipa shilingi kwa dada yake wa tumbo moja, kwa karatasi iliyochapwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, ambayo kijiji kizima kimemsikia akiiita takataka, lilikuwa jambo lisilowezekana. "Nauliza tu," akasema, akashuka.

Basi liliingia Iringa usiku, na Mwanakhamisi alimfikia shangazi yake na shuka mbili tupu, zimekunjwa chini ya kwapa.

*

Safari ya pili alikwenda Bushiri, kwa kuwa mtoto alikuwa na homa na mama hakuweza kumwacha. Mwanakhamisi alimweleza kila kitu, wapi aanze, wapi aende taratibu, Uyole awe amefika kwenye kikohozi, Chimala kwenye kamba.

Alirudi na vitabu vyake karibu vyote. Akaketi jikoni akashika tama.

"Hukusoma?"

"Nilisoma vizuri sana. Watu walipenda."

"Sasa?"

Bushiri alikuna kichwa. "Pale Uyole alishuka mama mmoja ana mtoto mgongoni. Akaniangalia. Mama Jaha, lile jicho. Nikamwambia mwisho dirishani. Igurusi akashuka mzee, nikaona huyu naye nimwache hivi hivi? Nikamwambia. Tulipofika Chimala nilikuwa nimetoa mwili nje mpaka kiunoni, napiga kelele, na utingo amenishika suruali."

Mwanakhamisi alitaka kukasirika. Alijitahidi, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, na Bushiri baada ya kumtazama kidogo akacheka naye. Tangu siku hiyo mgawo wa kazi ulijulikana. Bushiri alibeba, mkewe alisoma, na akifika karibu na kituo mume aliambiwa aende mbele akazungumze na dereva.

Walikwenda na kurudi. Eliezeri aliwapa benchi lao. Watu wa Makambako walikuwa wakimwita Mwanakhamisi kwa jina kutoka barabarani, "Kamwene, mama wa mbuzi," naye akiitikia. Wengine walipanda basi vituo viwili tu bila safari yoyote ili wasikie walipoachia. Kutoka Iringa vitabu vilishuka na wauza vitunguu mpaka Ruaha Mbuyuni. Mwalimu mmoja alichukua kumi na viwili kwa mara moja, akasema hadithi ya mbuzi si ya kuwasomea watoto, kisha akauliza kama zipo nyingine za namna hiyo. Na Joachim, fundi cherehani, aliposikia kwamba kitabu kinatakiwa Iringa, alikuja usiku kwa mlango wa nyuma akanunua kimoja, akaomba kifungwe kwa gazeti.

Mlima ulishuka kutoka dirishani mpaka magotini, kutoka magotini mpaka sakafuni. Kitabu cha mwisho, ambacho Bushiri alijiwekea mwenyewe, alikitoa zawadi kwa yule mama wa Uyole mwenye mtoto mgongoni. Alisema anadaiwa na lile jicho.

*

Mwezi uliandama Alhamisi. Ijumaa baada ya sala lori likasimama mlangoni, na Selemani akashuka na wapagazi wanne na magunia ya mpunga wa Chimala yenye harufu nzuri ya mashamba.

Aliingia chumbani akasimama. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Karatasi haikuwapo hata moja, ila mtambo na meza ya herufi. Mwanakhamisi alikuwa amesimama hapo na kanga yake mpya.

"Vimetakiwa, kaka," alisema. "Vyote."

Selemani alikizunguka chumba. "Naona. Basi pana nafasi." Akageukia mlangoni. "Ingizeni."

Katika mipango yake yote Mwanakhamisi hakuwahi kufikiri kwamba chumba kitupu ndicho hasa alichokitaka mwenye mpunga. "Kaka, ulisema mbele ya wazee."

"Nilisema vikitakiwa chumba ni chake. Chake cha kufanyia nini, kama kazi imekwisha? Kutazama ukuta?" Wapagazi wawili waliingia na gunia la kwanza wakalitua chini ya dirisha. Bushiri alikwenda akasimama mbele ya mtambo wake, akaweka mkono juu yake.

Lakini Selemani hakutoka kusimamia upakuaji, kama ilivyokuwa desturi yake. Alibaki. Alishika kibarua kidogo cha kujikuna sikio. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi, "Nipeni kitabu kimoja."

"Vimekwisha, kaka."

"Kimoja tu. Nalipa."

"Hakuna hata kimoja. Si viko Chimala tele? Watu wako walinunua wengi."

Uso wa Selemani ukabadilika, na yote yakamtoka. Tangu siku ile ya basi hakuwa na raha. Barazani kwa muuza mafuta walikuwa wakisoma kila jioni, na yeye akitokea wananyamaza, kitabu kinafungwa, wanamuuliza bei ya mpunga. Mwaka mzima aliziita takataka karatasi za shemeji yake, sasa wamempata. Akipita njiani, watoto wanalia kama mbuzi. Alimwomba karani wake amwambie mwisho, karani akasema, kwa heshima, kwamba huo ni wizi wa mali ya shemeji yake. "Mtu mzima mimi," alisema Selemani. "Nakosa usingizi kwa ajili ya mbuzi."

Bushiri alimhurumia mara moja. Mwanakhamisi aliiona huruma ile ikimpanda kutoka tumboni, akaona mdomo wake unafunguka. "Shemeji, wale wawili walipoona mbuzi ametoka, yule mzee..."

Mwanakhamisi alimkanyaga mguu kwa kisigino.

"Yule mzee nini?" aliuliza Selemani.

"Mume wangu ana wema mwingi, anadhani wewe ni mgeni," alisema Mwanakhamisi. "Mgeni hapewi nusu. Lakini wewe ndiye mwenye nyumba, kaka. Mwisho upo kitabuni, na kitabu lazima kichapwe tena. Karatasi tumekwisha kununua, zimo jikoni. Watu wa Iringa wamesema wanataka mia tano. Ila mtambo haupigi chapa ukiwa chini ya magunia."

Mlangoni wapagazi walisimama na gunia la pili mabegani, wakisikiliza, na mmoja wao, aliyetoka Chimala pamoja na bosi wake, alitazama juu darini asije akacheka.

Selemani alimtazama dada yake, mtu ambaye yeye mwenyewe alimlea mgongoni, akamwozesha, na ambaye hakupata hata siku moja kumwambia hapana. Akafungua mdomo kumkaripia. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kidogo kwanza, kisha kikubwa kilichomtikisa tumbo, na alipomaliza alijifuta macho kwa ncha ya kanzu.

"Toeni hilo," aliwaambia wapagazi.

"Tupeleke wapi, bwana?"

"Ghala lile lile la watu. Chumbani kwangu. Popote. Fungieni hata chooni." Akamgeukia Bushiri. "Na wewe shemeji, umesimama nini? Panga herufi."

Bushiri alikwisha kuvaa aproni. Mwanakhamisi akavuta kisanduku cha herufi akaanza kumpokeza *a* moja moja, na machozi yalimlenga, akayaacha yamlenge.

Lori liliondoka. Selemani hakuondoka nalo. Alisogea mezani, akainama juu ya risasi, akageuza kichwa upande mmoja, akageuza upande wa pili, asione kitu.

"Mbuzi yuko ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na moja," alisema Bushiri.

"Basi anzeni na huo."

"Tunaanza na wa kwanza, kaka," alisema Mwanakhamisi, bila kuinua macho kazini.

Selemani akavua koti, akavuta kigoda, akaketi kusubiri.